Usawiri wa Baba katika Muziki Usio na Maneno: Uhakiki wa Albamu ya Song for My Father ya Horace Silver

Utangulizi

Mtu anayeonekana kwenye jalada la albamu ya Song for My Father siye mwanamuziki aliyeirekodi. Ni mzee mwenye kofia na sigara nene, John Tavares Silver, baba mzazi wa mpiga piano Horace Silver. Kampuni ya Blue Note ya New York, iliyoitoa albamu hiyo mwaka 1965, ilizoea kuweka jaladani sura ya kiongozi wa bendi, au ala yake, au herufi kubwa zilizopangwa kwa ustadi na msanifu wake, Reid Miles. Kumweka hapo mtu ambaye hakupiga hata noti moja ndani ya santuri ni tamko. Kabla sindano haijagusa santuri, msikilizaji amekwisha kuambiwa kwamba atakachosikia kinamhusu mzee huyu.

Tatizo ni kwamba ndani ya santuri hakuna neno hata moja. Vipande vyote sita ni vya ala tupu: piano, besi, dramu, tarumbeta na saksafoni. Neno baba limo katika jina la albamu na katika jina la kipande chake cha kwanza, basi. Kwa mhakiki aliyelelewa katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, hali hii inatia mashaka. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, uhusiano wa mama na mwana ulikaa katika maneno yenyewe, na mhakiki anaweza kuuonyesha ubeti kwa ubeti. Hata katika taarabu, ambamo bashrafu hupigwa kwa ala tupu kufungua onyesho, wahakiki wengi huanza kazi pale mwimbaji anapofungua kinywa, na huipita bashrafu kana kwamba ni muda wa wasikilizaji kutafuta viti. Kazi inayojitambulisha kuwa ya kifamilia bila kutamka lolote inamlazimisha mhakiki kuamua kama anasoma muziki au anasoma jalada.

Hoja inayotetewa katika uhakiki huu ni kwamba baba katika kazi hii hasimuliwi wala hasifiwi, ila amepewa kazi ya kufanya. Uwepo wake unatambulika katika namna sehemu za muziki zinavyohusiana: nani anashikilia, nani anaachiwa nafasi, nani ananyamaza. Hata hivyo, hoja hiyo inakihusu kipande cha kwanza zaidi ya inavyoihusu albamu nzima, na ni vyema jambo hilo likawekwa wazi mapema.

Jina la albamu na kilichomo ndani yake

Maelezo mengi kuhusu albamu hii huitaja kama zawadi ya mwana kwa baba yake, na hukomea hapo. Kumbukumbu za kurekodiwa kwake zinaonyesha picha yenye vipande vipande. Vipande viwili, "Calcutta Cutie" na "Lonely Woman", vilirekodiwa tarehe 31 Oktoba 1963, wakati Silver alipokuwa bado na bendi yake ya siku nyingi: Blue Mitchell kwenye tarumbeta, Junior Cook kwenye saksafoni, Gene Taylor kwenye besi na Roy Brooks kwenye dramu. Bendi hiyo ilivunjika mwaka 1964. Vipande vinne vilivyobaki vilirekodiwa tarehe 26 Oktoba 1964 na bendi mpya yenye Carmell Jones kwenye tarumbeta, Joe Henderson kwenye saksafoni, Teddy Smith kwenye besi na Roger Humphries kwenye dramu. Mara zote mbili kazi ilifanyika katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, chini ya mtayarishaji Alfred Lion.

Kwa hiyo theluthi moja ya albamu ilikuwa imekwisha kurekodiwa karibu mwaka mzima kabla ya kipande kilichoipa jina. Zaidi ya hayo, "The Kicker" si utungo wa Silver kabisa. Ni wa Joe Henderson. Majina ya vipande vingine yanampeleka msikilizaji Calcutta, au yanamsalimu kwa Kihispania katika "Que Pasa", au yanafanya mzaha, kama "The Natives Are Restless Tonight", ambalo ni sentensi ya filamu za kikoloni iliyogeuzwa kejeli kinywani mwa mwanamuziki mweusi. Hakuna kati ya hayo linalohusu familia.

Ulinganisho mmoja unatosha kuonyesha udhaifu huu. Katika Giant Steps, aliyoirekodi mwaka 1959, mpiga saksafoni John Coltrane alitoa kipande kwa mkewe, kingine kwa binti aliyemlea na kingine kwa binamu yake, na wala hakuiita albamu yake ya kifamilia. Silver alikuwa na kipande kimoja cha kifamilia akakifanya kiwe paa la nyumba yote. Uamuzi huo ulikuwa na faida ya kibiashara, na ikumbukwe kwamba albamu hii ni miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia ya kampuni hiyo. Mhakiki anayesikia sauti ya baba katika kila kona ya albamu anatii jina. Uhakiki huu unachagua kukaa kwa muda mrefu na kipande kile kimoja, kisha kurejea kwenye kipande cha mwisho kwa sababu tofauti.

Muziki wa jikoni

Horace Silver alizaliwa tarehe 2 Septemba 1928 katika mji wa Norwalk, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka kisiwa cha Maio katika visiwa vya Cabo Verde, ambavyo vilikuwa koloni la Ureno hadi mwaka 1975. Jina la ukoo, Silva, liligeuzwa likawa Silver, kama majina ya wahamiaji wengi yalivyogeuzwa ili yatamkike kirahisi midomoni mwa Waamerika. Mzee huyo alifanya kazi katika kiwanda cha mpira. Mama, Gertrude, alikuwa mzaliwa wa Connecticut na mwimbaji wa kwaya ya kanisa; alifariki dunia Horace akiwa na umri wa miaka tisa.

Silver alieleza mara kadhaa, na akarudia katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2006, kwamba utotoni mwake baba yake na ndugu na marafiki wenye asili ya Cabo Verde walikuwa wakikusanyika nyumbani mwishoni mwa wiki na kupiga muziki wa kwao kwa fidla, gitaa na mandolini. Dansi hiyo ilifanyika jikoni. Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwa kuwa linaeleza aina ya muziki uliokuwa ukipigwa. Mpiga gitaa katika jiko lililojaa watu hajionyeshi. Kazi yake ni kushikilia mdundo ili wengine wacheze, na akikosea, wa kwanza kumwambia ni miguu ya watu.

Baba huyohuyo ndiye aliyempeleka mwanawe katika bustani ya burudani ya Roton Point, ambako mtoto aliisikia kwa mara ya kwanza orkestra ya Jimmie Lunceford. Watu weusi hawakuruhusiwa kuingia katika ukumbi wa dansi, hivyo baba na mwana walisikiliza wakiwa nje. Silver alisema kuwa siku hiyo ndipo alipoamua kuwa mwanamuziki. Wasimulizi wa maisha yake hulitaja tukio hili kama mwanzo wa safari ya jazi, kisha huiweka dansi ya jikoni upande mwingine kama asili iliyosahaulika. Utenganisho huo hauna msingi. Aliyekuwa akipiga gitaa jikoni na aliyesimama na mtoto nje ya ukuta wa ukumbi ni mtu mmoja. Jazi haikuwa uasi wa Silver dhidi ya baba yake, maana baba ndiye aliyemfikisha kwenye ukuta ule.

Hata hivyo, kukataa kulikuwapo. Kwa miaka mingi mzee alimshauri mwanawe achukue nyimbo za kwao na kuzitia katika jazi, na Silver, kwa maneno yake mwenyewe katika maelezo ya albamu iliyofuata, hakuona namna, kwani nyimbo hizo zilimsikikia kama za kishamba. Alizaliwa Marekani na muziki wake ulikuwa wa Marekani. Mwaka 1964 alialikwa Rio de Janeiro na mpiga piano wa Brazili, Sergio Mendes, akashuhudia kanivali na kuvutiwa na mdundo wa bossa nova uliokuwa ukipigwa na vijana wa huko. Aliporudi New York alijaribu kutunga kipande kwa mdundo huo. Lahani iliyomjia, alikuja kutambua, haikuwa ya Kibrazili. Ilifanana na kitu ambacho baba yake angekipiga.

Masimulizi haya ni mazuri mno kiasi cha kumfanya mhakiki awe mwangalifu. Yanafuata mkondo unaojulikana wa hadithi: mwana hutoka nyumbani, huzunguka mbali, hukutana na cha nyumbani ugenini. Kuna ushahidi unaoyatatiza. Miaka minane kabla ya Rio, mwaka 1956, Silver alikuwa tayari amerekodi "Señor Blues", kipande cha ufunguo wa maina kinachojengwa juu ya mzunguko wa besi wenye ladha ya Amerika ya Kilatini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiyajua mambo haya zamani. Inaelekea kwamba kilichobadilika Brazili hakikuwa ufundi. Vijana wa Rio walikuwa wa kisasa, wakisikilizwa na dunia nzima, na walipiga muziki uliochanganya Afrika na Ureno bila aibu yoyote. Mchanganyiko uleule, ulipopigwa jikoni Norwalk na wafanyakazi wa kiwandani, ulionekana wa kishamba. Baba alikuwa amesema kweli kwa miaka yote hiyo, ila ilibidi mwana aisikie kweli hiyo kutoka kwa wageni ndipo aiamini. Kuna toba ndani ya kipande hiki, na kuisikia kama furaha ya kurudi nyumbani tu ni kukipunguzia uzito.

Mkono wa kushoto

Kipande kinaanza bila lahani. Besi na mkono wa kushoto wa piano vinapiga mzunguko mfupi unaokwenda na kurudi kati ya noti ya F na noti ya C, na Humphries anatandika mdundo mwepesi juu yake. Mzunguko huo ndio kitu cha kwanza kusikika, na karibu utasikika hadi mwisho, zaidi kidogo ya dakika saba baadaye. Hausogei haraka na haujipambi. Msikilizaji akiusikiliza wenyewe tu ataona kwamba hauna habari. Akiuondoa kichwani atagundua kwamba hakuna kingine kinachoweza kusimama.

Lahani inapoingia inabebwa na tarumbeta na saksafoni kwa pamoja, sauti mbili zilizofungamana, zikitembea hatua moja. Umbo lake ni la vipimo 24 vilivyogawanyika katika sehemu tatu za vipimo vinane: ya kwanza inarudiwa, kisha inakuja ya tatu iliyo tofauti. Chini yake noti za msingi zinateremka ngazi kwa ngazi, kutoka F kwenda E-flati, kisha D-flati, hadi C, na kurudi F. Mteremko wa namna hii husikika sana katika muziki wa Ureno na Uhispania na popote mabaharia wao walipofika. Baadhi ya wasikilizaji wamekisikia kipande hiki kama morna, wimbo wa majonzi na hamu wa Cabo Verde. Dai hilo linavuka ushahidi. Silver alisema lahani ilifanana na alichokipiga baba yake, na hakuitaja aina ya wimbo. Tena morna hukokota, ilhali kipande hiki kinatembea.

Jambo muhimu zaidi limo mwishoni mwa sehemu ya kwanza na ya pili. Lahani inapotua, bendi yote inanyamaza, pamoja na mzunguko wa besi. Ni kimya kifupi, lakini katika kipande ambacho msingi wake ni kutokukoma, kimya hicho kinashtua. Kisha lahani inaanza tena na mzunguko unarudi chini yake kana kwamba haukuondoka. Kila mara kimya kinapofika msikilizaji anakumbushwa, kwa nafasi ya pumzi moja, jinsi chombo kinavyokuwa bila kinachokishikilia. Watunzi wengine wa jazi walitumia ukatizaji huo ili kumpa mpigaji wa solo nafasi ya kuruka. Katika lahani hii Silver hampi mtu yeyote nafasi hiyo, anaiacha wazi. Uhakiki huu unauona ukimya huo kuwa ndio uamuzi wa kiutunzi wenye maana kubwa kuliko wowote mwingine katika albamu, na inashangaza kwamba haujadiliwi mara nyingi kama mdundo unavyojadiliwa.

Solo ni mbili tu. Ya kwanza ni ya Silver mwenyewe, na yeyote aliyetarajia mpiga piano amlilie baba yake kwa noti nyingi atavunjika moyo. Mkono wa kulia unasema vishazi vifupi, vya kibluzi, vinavyorudiwa na kugeuzwa kidogo, huku mkono wa kushoto ukirejea kazini. Hakuna hisia zinazomwagwa. Silver anapiga kama mtu anayezungumza huku akifanya kazi nyingine.

Solo ya pili ni ya Joe Henderson, na hapa muundo wa kipande unafunguka. Henderson, aliyekuwa na umri wa miaka 27, anaanza kwa upole, karibu na lahani, kisha anapanda hatua kwa hatua hadi saksafoni inapaza sauti na kukwaruza. Kilele cha kipande kilichotungwa kwa ajili ya baba wa Silver kimekabidhiwa kwa mtu asiye wa ukoo huo. Anachokifanya Silver wakati huo ndicho kinachobeba hoja ya uhakiki huu: anarudi nyuma. Anakuwa msindikizaji, akigonga noti za pamoja kwa msisitizo chini ya Henderson, akimsukuma apande, akishika mdundo anapotishia kuuacha. Kwa maneno mengine, katika wimbo wa baba, mwana anapofikia mahali pa kuonekana zaidi, anachukua nafasi ya mpiga gitaa wa jikoni. Hamwelezi baba yake bali anafanya kazi ya baba yake.

Carmell Jones hapati solo kabisa. Anapiga lahani na Henderson mwanzoni na mwishoni, na kati ya hapo yuko kimya. Sababu inaweza kuwa ya kawaida tu, kama vile urefu wa upande wa santuri au matakwa ya kiongozi wa bendi, na haifai kujenga nadharia juu yake. Lakini msikilizaji anayejua jinsi jazi ya miaka hiyo ilivyogawa solo kwa zamu, kila mtu na fungu lake, atasikia kwamba hapa mgawo umevunjwa kwa makusudi ya kulinda umbo.

Mzunguko uliotoka nyumbani

Hoja iliyojengwa hadi hapa inakabiliwa na pingamizi moja zito, na si haki kulikwepa. Mwaka 1974 kundi la Steely Dan la Marekani lilitoa wimbo "Rikki Don't Lose That Number", ambao unafunguliwa kwa mzunguko wa besi unaotambulika mara moja kuwa ni ule wa Silver. Mamilioni waliousikia redioni hawakumfikiria baba yeyote. Wimbo wenyewe unahusu mwanamke na namba ya simu. Kama mzunguko unaweza kuhamishwa hivyo na kubaki mzuri uleule, yaelekea maana ya baba haikuwa ndani yake tangu mwanzo, na kwamba jalada na jina ndivyo vilivyofanya kazi yote.

Pingamizi hili ni sahihi kwa nusu. Noti mbili za besi hazina baba, na mhakiki anayedai zinaye anajidanganya. Lakini Steely Dan walichukua mzunguko peke yake. Katika wimbo wao unafungua mlango, kisha sauti ya mwimbaji inaingia na kuwa mwenye nyumba. Hawakuchukua kile kimya cha mwisho wa sehemu, wala mpangilio wa mpiga piano anayejiondoa mbele ya mgeni. Kinachobeba uhusiano wa baba na mwana ni mpangilio huo, na huo haukuhama. Kwa msingi huu, jina la kipande linafanya kazi inayofanana na ile ya kitangulizi katika utenzi: humwambia msikilizaji ni wapi pa kusikiliza, halafu muziki ama hutimiza ahadi ama hushindwa. Kipande hiki kinaitimiza. "The Kicker", kikiwa chini ya paa lilelile, hakina ahadi ya kutimiza, na hakipungui uzuri kwa sababu hiyo.

Kipimo kingine kilikuja pale maneno yalipoongezwa. Mwimbaji Leon Thomas alikirekodi kipande hiki kikiwa na maneno mwaka 1969, na Dee Dee Bridgewater akakiimba katika albamu yake ya mwaka 1995 ya kumuenzi Silver, yeye Silver mwenyewe akishiriki kwenye piano. Katika maneno hayo baba anasifiwa kwa wema na ukarimu. Ni sifa za kweli, bila shaka, na Bridgewater anaziimba kwa uchangamfu. Lakini sifa za namna hiyo zinaweza kumfaa baba yeyote, na mara zinapotamkwa, mzunguko wa besi unashuka cheo na kuwa usindikizaji wa kawaida. Baba aliyekuwa akifanya kazi sasa amekalishwa kitini aimbiwe. Mtafiti wa fasihi, ambaye kwa mazoea hudhani kwamba maneno huongeza maana, ana sababu ya kutua hapo na kusikiliza matoleo yote mawili moja baada ya jingine.

Silver mwenyewe hakuishia kwenye kipande hiki. Oktoba 1965 alirekodi The Cape Verdean Blues, ambayo jina lake linaitaja wazi nchi ya baba yake. Ni albamu yenye kujiamini zaidi na, katika vipande vyake vitatu ambavyo mpiga tromboni J. J. Johnson anashiriki, ina sauti nene zaidi. Lakini asili inapotangazwa kwa jina la nchi, inakuwa mada ya kuonyeshwa. Mvutano wa mwana aliyechelewa kusikia haupo tena.

Kipande cha mwisho

Linabaki suala la mama. Gertrude Silver hatajwi popote katika majina ya albamu hii, na picha ya mzee jaladani inamfanya msikilizaji anayejua historia ya familia atambue nani hayupo. Upande wa pili unamalizikia kwa "Lonely Woman", utungo wa Silver usiohusiana na ule wa Ornette Coleman wenye jina hilohilo. Kishawishi cha kumsikia hapo mama aliyemwacha mtoto wa miaka tisa ni kikubwa, na baadhi ya wasikilizaji watashindwa kukizuia. Ushahidi hauruhusu. Kipande kilirekodiwa mwaka mmoja kabla ya kile cha baba, wakati wazo la albamu yenye jina hili halikuwapo, na jina lake linazungumzia mwanamke mpweke, ilhali mpweke katika historia ile alikuwa zaidi mjane na mwanawe.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kile kinachosikika. Tarumbeta na saksafoni hazipo. Wamebaki Silver, Gene Taylor na Roy Brooks, na mwendo ni wa taratibu sana. Baada ya nusu saa na zaidi ya muziki wenye watu wengi, wenye mdundo wa kuchezeka, nafasi inapanuka na kila noti inasikika ikifa kabla ya nyingine kuzaliwa. Mzunguko wa besi uliofungua albamu hauko popote. Mkono wa kushoto, ambao katika kipande cha kwanza haukupumzika, hapa unagusa na kuacha, unagusa na kuacha, na mkono wa kulia unaimba juu yake bila wa kuufunika. Aliyepanga vipande hivi angeweza kumalizia kwa "The Kicker", ambacho kingewarudisha wasikilizaji wakiwa wamechangamka, kama ilivyokuwa kawaida ya albamu za dansi za kampuni hiyo. Alichagua kumalizia kwa piano iliyo karibu peke yake, na ndani ya jalada lenye picha ya baba, dakika saba za mwisho zinapigwa na bendi ambayo ilikuwa imekwisha kuvunjika wakati albamu inafika madukani.